Nyongeza

Mfuniko wa sufuria ulianza kugonga gizani. Stima ilikuwa imepotea kabla jua halijazama, na jikoni hapakuwa na mwanga ila wekundu wa makaa, uliotosha kuonyesha magoti ya mtu na basi. Nyoyo ilikuwa imefika pale ambapo mahindi na maharagwe hukubaliana kuiva pamoja, na mvuke ulikuwa ukiuinua mfuniko kidogo na kuuachia, ukiuinua na kuuachia, ti-ti-ti-ti, kama meno ya mtu aliyetoka kuoga ziwani asubuhi.

Akinyi, ambaye bado alikuwa chekechea, hakuipenda ile sauti. Alipapasa mwiko, akaulaza juu ya mfuniko na kuukandamiza kwa mikono miwili. Sauti ikakoma. Akamwambia mama yake, Naswa, kwamba ameinyamazisha.

Naswa alimwambia auache, mfuniko hauna ugomvi na mtu. Lakini kabla mtoto hajatoa mikono, supu ilifurika ubavuni mwa sufuria ikamwagikia makaa, jiko likafuka moshi wa majivu, na ule wekundu kidogo uliokuwepo ukafifia. Akinyi alisema pole. Mama yake alimvuta kando, akampangusa vidole kimoja kimoja kwa leso kuhakikisha hakuungua, kisha akapiga magoti na kupuliza hadi mfuniko ukaanza tena kugonga. Safari hii waliuacha.

Ndipo Ondiek, baba wa nyumba, alipoingia kutoka mjini. Aliweka simu mezani tochi ikiangalia dari, akaketi bila kumbeba mtoto kama kawaida yake. Alikuwa ametoka Milimani, nyumbani kwa Obiero, kuangalia gari. Naswa alimuuliza gari linasemaje. Ondiek alijibu kwamba linalia.

Banda lao lilikuwa Kisian, kando ya barabara ya Busia, na lilikuwa na nusu mbili. Nusu moja ilikuwa ya Ondiek, fundi wa magari, yenye shimo la kuingilia chini ya gari na mnyororo wa kuinulia injini. Nusu ya pili ilikuwa ya Naswa. Yeye alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Alijifunza kazi hiyo kwa masomo ya jioni mjini wakati tumbo lake lilikuwa na Akinyi, na mwalimu alikuwa akimwambia asimame mbali kidogo na cheche, naye akawa anasimama mbali kidogo na bado mstari wake unatoka umenyooka kuliko wa wanaume. Alitengeneza mageti, madirisha, majiko, na vitanda vya hosteli. Watu walitoka hata Port Victoria kuja kumchukua akawatengenezee milango ya maduka ya samaki.

Kilichomletea wateja zaidi ya mstari ulionyooka kilikuwa nyongeza. Sokoni, mwenye omena akishakupimia kopo lako hukutupia kiganja kimoja juu, na ukiondoka bila hicho kiganja utajiona umeibiwa. Naswa alileta desturi hiyo kwenye chuma. Ukimletea geti bawaba zichomelewe, ulirudi nalo na komeo lililonyooshwa pia. Toroli lililoletwa kwa ajili ya gurudumu liliondoka na miguu iliyokazwa. Kitu chochote kilichopita mikononi mwake kikiwa kinalegea mahali, alikigusa na moto kidogo bila kuombwa. Na kwa sababu zawadi isiyojulikana ni kama haijatolewa, Akinyi ndiye alikuwa mtangazaji. Mteja akiwa anafunga mzigo wake, mtoto alisimama mbele yake, mikono nyuma, akasema kile mama alichoongeza. Watu walicheka, wakampa ndizi au peremende, wakaenda wakisimulia.

Obiero alikuwa mtu wa Kisian aliyehamia Milimani. Alikuwa na maduka ya dawa mjini na gari dogo la buluu la michezo, la chini kiasi kwamba matuta aliyavuka upandeupande kama kaa. Yeye na wenzake wenye magari ya aina hiyo walikuwa wamepewa ruhusa barabara ya kupanda vilima vya Riat ifungwe Jumamosi asubuhi, wapande mmoja mmoja wakipimwa kwa saa. Klachi ya gari lake ilikuwa imeanza kuteleza kila akikanyaga mafuta kwa nguvu. Akaagiza mpya kutoka ng'ambo, ya pleti mbili, iliyotengenezwa ifungwe kwenye flaiwili ileile ya gari. Garage za Nairobi zilimwambia asubiri mwezi ujao. Akamletea Ondiek, mtoto wa kwao, ambaye miaka yote alikuwa ametunza pikapu ya mama yake Obiero.

Ondiek alimwonyesha Naswa zile pleti mbili zilipofika. Zilikuwa ndogo kuliko pleti ya kawaida, na katikati yake kulikuwa na duara jingine la chuma. Alimweleza kwamba klachi ndiyo inayoshika nguvu ya injini na kuipeleka giaboksi. Pleti moja ikibanwa na injini kali, inateleza. Mbili zinashika.

"Ni kama kuvuta kamba," alisema. "Mkono mmoja unaungua. Miwili inavuta."

Walipoteremsha giaboksi walikuta flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini na ambalo klachi hukaa juu yake. Ondiek aliliweka kwenye meza ya Naswa. Magurudumu yote aliyowahi kuyaona, ya malori na pikapu na matrekta, yalikuwa kipande kimoja cha chuma. Hili lilikuwa vipande viwili, kimoja juu ya kingine, na ukishika cha chini na kukizungusha cha juu, kilisogea upana wa kidole hivi, kisha kikarudi. Kinacheza, alisema Ondiek. Pengine ndicho kilichoiua ile klachi ya kwanza.

Naswa alilizungusha, akaona linavyolegea, akamwambia amwachie.

Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Alilipasha moto juu ya makaa kwanza, kwa sababu kasti, chuma kilichoyeyushwa na kumwagwa kwenye umbo, hupasuka kikishtuliwa. Alitumia rodi za nikeli alizozitunza ndani ya mkebe na vipande vya mkaa zisishike unyevu wa ziwa. Alichomelea kidogo huku, akaacha, akachomelea kidogo upande wa pili, hadi vile vipande viwili vikawa kimoja, na mstari ukakaa kama ushanga uliotungwa. Akinyi alimsaidia kulifunika kwa majivu lipoe polepole, akiyamwaga kwa kikombe chake cha uji. Ondiek alipolichukua kesho yake, alilizungusha na halikusogea. Alimwambia mkewe kwamba hata kiwandani hawangefunga vile.

Siku gari lilipoondoka, Akinyi alikuwa shule, na Ondiek mwenyewe ndiye aliyeliendesha hadi Milimani. Hakuna aliyetangaza.

Sasa linalia.

Naswa alipakua nyoyo, akampa kila mtu bakuli lake, akauliza linalia namna gani. Ondiek alisema kama mawe ndani ya debe. Lakini haikuwa shida. Alikuwa amekwisha kumweleza Obiero kwamba pleti zikiwa mbili lazima zigombane, hata ng'ambo ni hivyo, na Obiero alikuwa amesoma jambo kama hilo kwenye simu yake, akaridhika. Alikuwa hata amefurahi. Alisema gari sasa lina sauti ya mashindano.

Naswa aliweka bakuli chini. Kisha akauliza linalia mguu ukiwa juu ya klachi au ukiwa umetolewa. Ondiek akalazimika kufikiri. Ukiwa umekanyaga, alisema, unasikia kitu kidogo, kama vijiko kwenye droo. Ukiachilia, ndiyo yale mawe yanakuja.

"Ukikanyaga, zile pleti zinaachana," Naswa alisema. "Ukiachilia zinashikana. Sasa zigombane aje zaidi wakati zimeshikana?"

"Kula chakula, Min Akinyi," Ondiek alisema, akimwita mama Akinyi kwa Kijaluo. "Hiyo ni gari, si geti."

Haikusemwa kwa ubaya. Stima ilirudi walipokuwa wakiosha vyombo.

Kila katikati ya wiki Naswa alienda Kibuye kutafuta vyuma. Mahali pake palikuwa kwa Waliaula, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, aliyevunja magari yaliyopata ajali na kupanga viungo vyake kwa marundo kama viazi. Waliaula alitoka Bungoma kama Naswa, na kwa hiyo alijiona ana haki ya kumtania. Alimuuliza kama kule kwa Wajaluo amekwisha kufundishwa kula kichwa cha samaki, au bado anaomba mkia. Naswa alimjibu kwamba kichwa ndicho chenye akili, na inaonekana huko kwao Waliaula walimpa mkia tangu utotoni. Wakacheka, wakasalimiana vizuri.

Alichagua vyuma bapa. Alipokuwa akivifunga aliona flaiwili mbili ukingoni mwa rundo, zote mbili za vipande viwili. Aliacha kamba. Alipiga magoti, akashika ya kwanza, akaizungusha. Ilisogea upana wa kidole na kurudi. Ya pili, ambayo ilitoka kwenye gari jingine kabisa, ilisogea upana huohuo. Ikarudi.

Alirudia mara nyingine. Sasa alisikiliza kwa mikono. Haikuwa inalegea kama bawaba iliyokufa, inayokwenda na kubaki ilikokwenda. Kulikuwa na kitu ndani kinachosukuma. Alipoachilia, chuma kilirudi chenyewe.

Alimuuliza Waliaula kwa nini zote zinacheza.

"Zimetengenezwa zicheze," Waliaula alisema. "Hizo si za lori. Ndani kuna springi. Injini haivuti taratibu, mama, inapiga mateke. Teke, teke, teke. Springi inameza mateke, giaboksi inapata mzunguko laini. Ukiifunga, mateke yote yanaenda kwa gia, gia zinagongana. Gari italia kama debe ya mawe."

Naswa alibaki amepiga magoti, mkono juu ya chuma. Waliaula alianza kucheka.

"Usiniambie kuna mtu amefunga. Nani? Huyo bwana yako? Wajaluo wanapenda kurekebisha kitu mzima, kwao kitu ikitingika ni aibu."

"Ni mimi," Naswa alisema. "Nilichomelea."

Waliaula alivua kofia, akaivaa tena. Aliuliza gari hilo ni la nani na linafanya kazi gani. Naswa alimwambia. Alimwambia na Riat, na Jumamosi. Waliaula hakucheka tena. Aliuliza kama aliipasha flaiwili moto kwanza, na rodi zilikuwa za aina gani, na alipojibiwa aliitikia kwa kichwa kwa heshima, kwamba kazi ilikuwa safi. Kisha akasukuma flaiwili moja kwa ncha ya kiatu, akaweka kiatu kingine karibu nayo.

"Hapa ndipo inakaa," alisema. "Na hapa ndipo miguu ya dereva inakaa. Katikati ni bati na kifuniko cha giaboksi. Kwa barabara ya kawaida pengine itakaa mwaka. Lakini huko juu atavuta injini mpaka mwisho, na kila teke linaangukia mshono wako. Kasti haisahau moto, na ikipasuka ikizunguka vipande vinaruka."

Naswa alijua hilo. Mara ngapi alikuwa amechomelea kipande cha kasti cha kinu cha mtu, kikatoka kizuri, na kesho yake akiwa anafagia akasikia tik, na ufa mwembamba kama unywele ukawa umepita kando ya mshono, si juu yake. Mshono wenyewe haukukosa kitu. Ni chuma jirani kilichokataa.

Waliaula alizungusha zile mbili, akachagua iliyorudi kwa nguvu zaidi. Alihesabu matundu kwa kidole, akasema itaingia kwenye lile gari, injini ni moja. Aliifunga ndani ya gunia. Kuhusu bei alisema watazungumza akimletea ile iliyoharibika, apate kuitazama, kwa sababu hajawahi kuona flaiwili iliyochomelewa na mwanamke wa Bungoma.

Naswa alirudi nayo kwa pikipiki, gunia likiwa mapajani, zito kama mtoto aliyelala.

Ondiek alikuwa peke yake bandani. Naswa alilifungua gunia juu ya meza na kumwambia azungushe. Ondiek alizungusha. Akaachilia, ikarudi. Alizungusha tena, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Naswa alimweleza yote aliyoelezwa Kibuye, kuanzia springi mpaka miguu ya dereva, na hakuacha kusema kwamba aliyechomelea ni yeye na si mwingine.

Ondiek hakubisha habari ya springi. Mikono yake ilikuwa imekwisha kukubali. Alichobisha ni kusema. Jumamosi wangekuwepo wenye magari kama yale kutoka Kisumu nzima na Kakamega, na wote walikuwa wakienda Nairobi hata kubadilisha klachi kwa sababu upande huu hawamwamini mtu. Obiero alikuwa amemwahidi kumsimamisha mbele yao na kusema huyu ndiye fundi wangu. Mlango wa namna hiyo hufunguka mara moja tu. Na sasa aende akamwambie kwamba walichukua kitu kizima, wakakiharibu, bila hata kuombwa?

"Angetuomba tuichomelee, ningejua pa kuanzia," alisema. "Lakini ilikuwa zawadi. Utaanzaje kuomba msamaha wa zawadi?"

Alipendekeza kingine. Baada ya Jumamosi angelirudisha gari bandani, aseme ni kukagua klachi mpya, ateremshe giaboksi na kuweka hii ya Kibuye bila kelele. Hakuna ambaye angejua. Kupanda Riat ni dakika chache tu.

"Na hizo dakika?" Naswa aliuliza.

Ondiek alichukua kitambaa akaanza kufuta spana ambayo haikuwa chafu.

Namba ya Obiero ilikuwa kwenye simu ya Ondiek, na simu ya Ondiek haikuwa na siri nyumbani humo. Naswa angeweza kupiga. Aliitazama ikiwa mezani jioni ile, na jioni iliyofuata. Lakini jina lililoandikwa mbele ya banda lilikuwa la wote wawili, ameliandika yeye mwenyewe kwa rangi nyekundu, na hakutaka nusu moja isemewe na nusu nyingine mgongoni. Alimwambia mumewe hivyo alipokuwa akimfunika mtoto. Ondiek alisema Obiero anakuja Ijumaa jioni arekebishiwe pedeli, inashika juu mno. Naswa alisema basi ni Ijumaa.

"Nani atasema?" Ondiek aliuliza.

Naswa aliendelea kumfungia Akinyi chandarua.

Gari lilisikika kabla halijaonekana. Wenye vibanda vya mahindi ya kuchoma waligeuka. Lilipoingia uani na kusimama likiunguruma, yale mawe yalianza kuviringika ndani ya debe, na kuku wa jirani wakahamia upande wa pili wa ua. Obiero alishusha kioo. Alikuwa na miwani ya jua kipajani na uso wa mtu anayesubiri sikukuu.

"Shemeji," alimwita Naswa, "mume wako ameifanyia nini gari yangu? Ilikuja hapa ikiongea Kijapani, sasa inaongea Kibukusu."

Naswa alimwambia Kibukusu cha kwao hakina kelele hivyo, labda ni Kijaluo cha watu wa harusi. Obiero alicheka mpaka akagonga usukani.

Ondiek alifanya kazi ya pedeli akiwa amelala kifudifudi mlangoni, kichwa chini ya usukani, karibu na viatu vya Obiero. Vilikuwa viatu vyepesi, vyenye soli nyembamba, vya kusikia pedeli. Injini ilibaki ikiwaka, maana Obiero alipenda kuisikia. Alizungumza wakati wote. Alieleza jinsi kona ya pili ya Riat inavyodanganya, inaonekana pana na si pana, na kwamba siri ni kutoachia mafuta hata kidogo. Alisema Ondiek avae shati safi kesho, asije kama mtu aliyetoka shimoni.

Akinyi alirudi kutoka shule, begi likimpiga kwenye visigino. Alisimama karibu na mama yake na kuziba masikio.

Ondiek aliinuka, akafuta mikono. Alimwambia Obiero ajaribu. Naswa akasogea mpaka ubavuni mwa gari, pale giaboksi inapopita chini, akamwomba Obiero akanyage klachi na kuishikilia. Obiero akakanyaga. Mawe yakanyamaza, vikabaki vile vijiko vyepesi, ambavyo ni pleti mbili zikitikisika kwa haki yake. Akamwomba aachilie. Mawe yakarudi.

"Tamu, sivyo?" Obiero alisema.

Naswa alimtazama mumewe. Ondiek alitazama barabara, ambako lori la miwa lilikuwa likipita polepole. Alifungua mdomo na kusema Obiero, sikia ndugu yangu, kisha akasema kwamba pedeli ikisumbua ampigie. Juu ya meza ya Naswa gunia lilikuwa limekaa, umbo la duara likionekana wazi ndani yake kwa yeyote ambaye angeangalia.

Obiero alishusha miwani machoni. Mkono ulikuwa tayari kwenye gia alipomwona Akinyi. Huyu alimjua vizuri. Mwaka uliopita alikuwa ameleta toroli la mama yake, na mtoto huyu ndiye aliyemsimamisha uani na kumwambia kuhusu miguu iliyokazwa, na hadithi hiyo alikuwa amekwisha kuisimulia Milimani mara nyingi.

"Mtangazaji," alisema, akipaza sauti juu ya injini. "Leo hakuna habari? Mama yako hajaniongezea kitu hata kidogo?"

Akinyi alimtazama mama yake kwanza. Ndivyo alivyofundishwa.

Naswa alichuchumaa. Alimvua begi, akamfunga kifungo cha sweta kilichokuwa kimefunguka, akamfuta uso kwa kona ya leso ingawa haukuwa mchafu sana. Alimuuliza sikioni kama anakumbuka kile walichofunika kwa majivu na kikombe cha uji. Mtoto aliitikia kwa kichwa. Anakumbuka mama alikuwa amefanya nini? Anakumbuka.

"Basi mwambie," Naswa alisema. "Sema yote, kwa sauti."

Alisimama naye mlangoni mwa gari, mkono mmoja begani mwa mtoto. Akinyi aliweka mikono nyuma kama anavyofanya kila siku, akavuta pumzi, akasema. Injini ilimeza maneno. Obiero aliweka kiganja sikioni, akitabasamu, akasema hasikii. Akinyi alisema tena, na tena mawe yakapita juu ya sauti yake.

Ondiek alikuwa upande wa pili wa gari. Alizunguka mbele, bila haraka, kitambaa bado mkononi. Hakumtazama mkewe. Aliinama dirishani, akapitisha mkono mbele ya kifua cha Obiero, akazima gari na kuchomoa ufunguo, akaushika kwenye kiganja kilichofungwa. Obiero akamgeukia akiwa bado anatabasamu nusu.

Ua ukawa kimya. Kuku mmoja alikuwa akikwaruza karibu na mkebe wa rodi. Ondiek alimwashiria mtoto kwa kichwa, aendelee.

"Mama alichomelea flaiwili yako," Akinyi alisema, "ili isicheze."